Sabufa Mbili na Mlio wa Darini

Sabufa mbili mpya ziliingia nyumbani kwa fundi vioo Jumatano mchana, na kufika alasiri mkewe alikuwa ameshaziombea kila aina ya balaa: ziungue, ziibwe, zikatae kuwaka. Si kwamba mwanamke huyu alikuwa na ugomvi na muziki. Alikuwa mshona mapazia, na cherehani yake ilienda vizuri zaidi redio ikiimba. Hofu yake ilikuwa juu ya kichwa chake, darini, pale alipoficha kitu ambacho mumewe aliamini kilishauzwa zamani.

Sabufa ya zamani haikuwa na hila. Lilikuwa boksi moja lililochubuka kona zote, na siku hizi lilikuwa limeanza kukohoa. Wimbo ukifika penye besi, lenyewe linapiga chafya. Mume alikuwa akirudi kazini jioni, ananawa vumbi la vioo, anakaa kwenye kiti chake na kusikiliza mpaka chakula kiive. Ndiyo starehe yake pekee. Hanywi, havuti, hapigi soga barazani. Sasa hata hiyo ilikuwa imemtumbukia nyongo.

"Nasikia nyimbo nusu," alisema. "Kama mtu anayeongea huku kaziba mdomo."

Aliyemletea dawa ni Bwana Redio, muuza vyombo vya muziki wa mtaa wa pili, mtu ambaye mdomo wake haujui sikukuu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezibeba mpaka sebuleni, akihema na kusema kwa wakati mmoja.

"Usinunue kwa macho, Fundi! Kaa nazo mpaka Jumamosi. Zikikupendeza, zako. Zisipokupendeza, nazibeba hivi hivi nilivyozileta, na sinuni. Mimi na wewe tumetoka mbali. Na kile kioo changu cha mbele ya duka, je? Watu wanapita hawajui nauza nini."

"Vioo vikubwa sifanyi tena," alijibu fundi. "Nimeshakuambia."

"Basi, basi, sikuambii tena, Baba Vido..."

Akaliuma neno katikati. Sebule ikawa baridi ghafla. Mama alikuwa kwenye cherehani yake pembeni ya dirisha, akaona shingo ya mumewe ikikakamaa. Jina hilo halikutamkwa nyumba hii. Mwaka wa pili huu, kila mtu aliambiwa amwite Fundi, na yeye mwenyewe alikuwa akimwita mkewe "Mama" tu, Mama bila mtoto mbele yake, kana kwamba wamezaa hewa.

Bwana Redio akakohoa, akarudi kwenye biashara. "Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Sabufa ikishusha besi chini sawasawa, nyumba nzima inaanza kusema. Vikombe, fremu, milango, chochote kilicholegea kitajitaja chenyewe. Watu wananirudishia mali wakisema mbovu, kumbe nyumba zao ndizo zinazoropoka. Kwa hiyo kwanza tunaitega nyumba. Hii hapa." Akatoa simu. "Ni mlio mmoja mnene. Unaanzia chini kabisa, unapanda polepole. Ninyi tegeni masikio."

Akabonyeza.

Mwanzoni Mama hakusikia kitu. Alihisi nyayo zake zikiwasha, halafu meza ya cherehani ikaanza kumtekenya viganja. Kisha mlio wenyewe ukaja, mzito, bila wimbo wala maneno, ukipanda taratibu. Vikombe vikachekacheka kabatini. Picha ya harusi ikagonga ukuta. Sufuria fulani jikoni ikaitikia. Bwana Redio alikuwa akinyoosha kidole huku na huku, amefurahi kama mtoto: "Umeona! Umeona hiyo!"

Na hapo, kutoka upande wa korido, juu, kukatoka sauti nyingine. Chrrrrr. Nyembamba, kavu, ya haraka. Ikadumu kwa kitambo, mlio ukapanda zaidi, ikakatika.

Sindano ikamchoma Mama kidoleni. Mumewe alikuwa amegeuza kichwa kuelekea korido.

"Hiyo nayo?" aliuliza Bwana Redio.

"Dirisha la choo," alisema fundi baada ya muda. "Puti yake ya kushikia kioo imekauka."

Mama akaingiza kidole mdomoni, akanyonya damu, akamshukuru Mungu kwa puti.

*

Tuseme ukweli wote sasa, maana hadithi haina haja ya kufanya siri ilhali mwenye siri ana roho mkononi.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, na mtaa mzima ulimwita Vidole tangu hajaanza shule, kwa sababu alikuwa hawezi kukiona kitu asikigonge. Meza, ndoo, mgongo wa mama yake, mlango wa jirani. Vyote vilikuwa ngoma. Alipokua, baba yake alimnunulia ngoma ya kweli, ile ndogo ya bendi yenye nyaya nyembamba zilizotandazwa chini ya ngozi ya pili, ambayo ukiigonga inajibu kwa mkwaruzo. Baba ndiye aliyeinunua, tafadhali msisahau hilo. Aliipenda ile sauti. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake, kijana anapiga, yeye anatikisa kichwa na kusema, "Kaza, kaza, hapo umelegeza."

Vidole akawa pia mkono wa pili wa baba yake kazini. Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Huyu anashika huku, yule anashika kule, mnatembea kwa hatua moja, na kila mmoja maisha yake yamo mikononi mwa mwenzake. Siku ile walikuwa wamebeba kioo cha mbele ya benki. Wamefika mlangoni, wamesimama kusubiri mlango ufunguliwe, na Vidole, Mungu amsamehe, akaanza kugonga. Vidole vinne tu, taratibu, kwenye ukingo wa kioo, hata mwenyewe hana habari. Mshiko ukalegea. Kioo kikateleza, kikaupasua mkono wa kulia wa baba yake.

Vidole viwili vya mkono ule havikunjiki mpaka leo.

Jioni ya siku aliyotoka hospitali, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, fundi alisimama katikati ya sebule na kusema maneno ambayo Mama angeyafua kwa sabuni kama maneno yangefulika. "Ngoma ile isilale chini ya paa langu. Na atakayeificha, aifuate huko iendako." Kijana akachukua begi lake, akaenda kwa mama yake mdogo. Mama akaambiwa auze ngoma. Akasema ameiuzia shule. Fundi hakuuliza shule gani.

Hakuiuza. Aliizungushia blanketi, akaipandisha darini juu ya korido, akafunga mlango wa dari na kujiambia kwamba hasira ni hasara, zitapoa. Hasira zikapoa, zikawa kimya, na kimya ndicho kibaya zaidi. Sabufa ile kongwe haikuwa na nguvu ya kuiamsha ngoma. Hizi mpya zilikuwa nazo.

*

"Nimeamua," alisema fundi jioni ile, mezani. "Nyumba ikinyamaza, nanunua. Isiponyamaza, Jumamosi zinarudi. Siwezi kukaa na besi inayonitukania madirisha."

Kwa Mama yale yalikuwa maneno matamu kuliko chakula. Alitakiwa tu kuhakikisha nyumba hainyamazi.

"Mimi naona zirudi tu," alisema, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya mtu anayezungumzia bei ya nyanya. "Majirani watasemaje? Na umri wetu huu, mume wangu. Watasema tumefungua ukumbi."

"Majirani walizoea kelele kubwa kuliko hii."

Wote wawili walijua majirani waliizoea kelele ya nani.

Alhamisi mume akiwa bafuni, Mama alipita nyumba nzima kama mchawi. Akalegeza msumari wa picha. Akaweka kijiko juu ya sahani ya kioo ndani ya kabati, kwa pembe, kiguswe na upepo tu kilie. Akatoa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu wa meza. Akafungua komeo la dirisha la jikoni nusu. Alipomaliza akarudi kwenye cherehani na kushona pindo la pazia la watu kinyumenyume, likabidi lifumuliwe.

Fundi hakwenda kazini asubuhi ile. Alichukua kopo la puti, vipande vya mpira na bisibisi, akaucheza ule mlio, ambao Bwana Redio alikuwa amemrushia kwenye simu, akaanza msako. Na huyu si mtu wa kuchoka. Maisha yake yote amekuwa akizuia vioo visitikisike kwenye fremu. Akakikuta kijiko, akakitazama, akakirudisha kwenye droo bila neno. Akaikaza picha. Akakunja karatasi nyingine akaipachika chini ya meza. Akafika dirisha la choo, lile alilolisingizia, akalitoa puti yote na kuliziba upya, kazi ya saa nzima kwa mkono wenye vidole viwili vigumu. Kila alipomaliza kitu alirudi sebuleni na kuucheza mlio toka mwanzo.

Mama alikuwa kila mara akishika pumzi mlio ukikaribia pale mahali pake. Chrrrrr.

"Bado lile la choo," alisema fundi. "Au la stoo."

Akaenda la stoo.

Ilimchukua Mama mpaka mchana kuliona kosa lake. Alikuwa amefikiri kelele nyingi zitaificha moja. Lakini mumewe alikuwa akizizima moja moja kwa mikono yake, na kila inayozimika inaiacha ile ya darini ikiwa uchi zaidi. Asubuhi ilikuwa sauti katikati ya sauti. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na humo ndani ya kimya chrrr ile ikisimama peke yake, wazi, kama mtu anayeita jina lako sokoni. Hayo ndiyo malipo ya mwongo: alijishonea nguo mwenyewe, na ikambana.

Na fundi bado hakuwa ameikagua korido. Kazunguka vyumba vyote, choo, stoo, jikoni mpaka kibaraza cha nyuma. Korido anaipita tu, macho mbele. Mama aliiita bahati. Akaomba iendelee siku mbili tu.

*

Ijumaa fundi alitoka kwenda kupima vidirisha vya mteja, vile vidogo, vya kubebwa na mtu mmoja. Lango halijafungwa vizuri Mama akawa ameshika simu.

"Mama, shikamoo. Kuna nini?" Kijana alijua mama yake hapigi asubuhi.

"Marahaba. Ngoma yako inaongea."

"Inaongea vipi?"

Akamweleza mbio mbio, sabufa, mlio, puti, kijiko. Upande wa pili Vidole alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Ni zile nyaya za chini, mama. Zinaitikia besi. Sikiliza: pembeni pana kishikizo kidogo cha chuma. Kishushe tu. Nyaya zinaachia ngozi, na haitasema tena hata uipige risasi."

"Kishushe."

"Ndiyo. Ila, mama..." Akasita. "Kwa nini usimwambie tu? Mpaka lini?"

"Ulimwona alivyosema siku ile? Alisema atakayeificha aifuate. Mimi niifuate wapi, kwa umri huu? Nikashone mapazia ya nyumba gani?"

Masikini kijana. Angekuwa na jibu la hilo angekuwa nyumbani.

Ngazi ilikuwa imefungiwa kwenye kibanda cha kazi na funguo anazo fundi. Mama akaburuta meza ya jikoni mpaka kwenye korido, akapandisha kigoda juu yake, akajifunga kanga kiunoni, akapiga moyo konde. Meza ikayumba. Akasukuma mlango wa dari, vumbi likammwagikia usoni, akaingiza mkono gizani. Akapapasa mbao. Akapapasa utando. Ncha za vidole zikagusa blanketi. Akalivuta, likaja kidogo, likanasa. Akasimama kwa vidole vya miguu, mkono wote ndani mpaka begani, akafunua pembe ya blanketi na kugusa ubaridi wa chuma. Hapa skrubu, hapa skrubu, hapa ukingo. Kishikizo kiko wapi, Mungu wangu? Akaizungusha. Nyaya zikamkwaruzia, chrr, kana kwamba zinamjibu.

Lango likalia.

Hakujua alivyoteremka. Alichokumbuka baadaye ni kwamba alivuta ule mlango wa dari kwa kidole kimoja na haukukaa sawasawa, pembe moja ikabaki wazi, nafasi ya kupitisha kiganja. Meza aliirudisha jikoni kwa mbio zilizopasua kucha. Fundi alipoingia alimkuta amesimama mbele ya jiko lisilowaka, anakoroga chungu kitupu.

"Umerudi mapema," alisema Mama.

"Nimesahau kipimo."

Akamtazama. Akamsogelea. Mama akaona ule mkono wa kulia ukinyanyuka kuelekea usoni kwake, akafumba macho. Vidole vile viwili vigumu vikamgusa nywele juu ya sikio, vikatoa kitu.

"Una utando kichwani," alisema fundi.

"Nilikuwa nafagia."

"Umefanya vizuri. Nyumba ilikuwa na utando mwingi."

Akaukung'uta mkononi, akatoka nje. Mama akasikia kibanda kikifunguliwa. Akasikia chuma kikigonga ukuta, kikiburutwa sakafuni. Alipochungulia, ngazi ilikuwa imesimama kwenye korido, imeegemezwa chini kabisa ya mlango wa dari.

"Ya kesho," alisema fundi, akachukua kipimo chake, akaenda zake.

Siku nzima ile ngazi ilibaki pale. Mama alikuwa akiipita kwa ubavu kila akienda chumbani. Angeweza kuipanda, lakini kila alipoishika kipago cha kwanza aliona wazi kwamba ameshajulikana, au kama hajajulikana basi atajulikana akiwa juu yake. Kitu kibaya cha kuogopa ni kile kisichosemwa. Angemfokea, angepumua. Jioni mume alikula, akasifu chakula, akazisikiliza nyimbo zake kwa sabufa mpya, sauti chini kabisa, kama mtu anayemchunga mgonjwa asiamke. Mama alikaa karibu naye akihesabu nguo zake moyoni, zipi angebeba na zipi angeacha.

*

Jumamosi alfajiri aliamka na uamuzi. Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa imefika ukutani. Atasema mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ngazi haijasema. Akamsubiri mumewe anywe chai. Akavuta kiti.

"Nina neno," alisema.

Fundi akaweka kikombe chini. Akamtazama, akangoja, na macho yake, Mama angeapa, hayakuwa na ukali.

"Hodi wenyewe! Wateja wangu wapendwa!"

Bwana Redio, bila shaka. Ameshaingia, ameshakaa, ameshajikaribisha chai. "Leo ni leo, asemaye kesho mwongo! Nimekuja na maturubai ya kufungia kama zinarudi, na nimekuja na tabasamu kama zinabaki. Nyumba imenyamaza?"

"Karibu," alisema fundi.

"Karibu nimekaribia, au karibu bado kidogo?"

"Icheze usikie."

Mlio ukaanza chini, kwenye nyayo. Ukapanda. Kabati halikusema. Picha haikusema. Madirisha yote yalikaa kimya kwenye puti yao mpya, na Bwana Redio alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima, maana nyumba iliyotulia hivyo hakuwahi kuikuta. Mama alikuwa amesimama ameshika ukingo wa cherehani. Ukapanda zaidi.

Chrrrrrrrr.

Kupitia pembe ile iliyobaki wazi sauti ilitoka kubwa mara mbili, ikaijaza korido yote.

"Aa-ah! Hii hapa!" Bwana Redio alisimama. "Imebaki moja tu, Fundi, na hii si dirisha hata kidogo, hii iko juu. Na ngazi umeshaniwekea! Bati, bila shaka, au waya wa umeme. Dakika moja naipata." Akavua viatu, akashika ngazi. Akapanda kipago cha kwanza. Akapanda cha pili. Mkono wake ukanyooka kwenye ule ubao.

"Shuka," alisema fundi.

"Naiona karibu..."

"Nimesema shuka, bwana. Hiyo naijua."

Bwana Redio akashuka.

Mama hakuweza tena. "Ni mimi," alisema, na sauti ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka. "Sikuiuzia shule wala mtu. Niliificha mimi, siku ile ile. Nimekudanganya mwaka mzima na zaidi, nikilala na wewe kitanda kimoja. Uliapa, nimeyasikia maneno yako kila siku. Basi ukitaka niifuate, sema, lakini usininyamazie tena. Nimechoka kuogopa ndani ya nyumba yangu!"

Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ule mkono juu ya goti.

"Mimi nimeishi na vioo tangu nina ndevu mbili," alisema hatimaye. "Kioo hakilii hivyo."

Mama akamkodolea macho.

"Nilijua Jumatano. Mlio wa kwanza tu. Mimi ndiye niliyeichagua ile ngoma dukani, nikapigiwa sita, nikachukua ile. Unafikiri naweza kuisahau?"

"Sasa dirisha la choo? Umelibomoa zima! Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kitu cha kufanya," alisema fundi. "Ningepanda pale juu, ningeikuta. Nikishaikuta, yale maneno yangenidai. Siku ile mkono ulikuwa unauma, mdomo ukaropoka, na mimi nikaona haya kuyarudisha. Nimeona haya mpaka nyumba imekuwa kaburi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilitaka wewe useme kwanza, unirahisishie. Nikakuwekea ngazi. Kumbe nimekutisha. Nisamehe."

Mama alikaa juu ya rundo la mapazia ya watu na kulia, wala hakujali ya nani. Bwana Redio alikuwa amegeukia ukuta, anaisoma picha ya harusi kana kwamba ni gazeti.

"Bwana Redio," fundi aliita. "Icheze tena. Ikifika pale pale, iache isimame."

Mlio ukapanda mpaka mahali pake, ukaachwa hapo. Ngoma ikalia darini bila kukatika. Fundi aliinamisha kichwa na kuisikiliza kama anavyosikilizwa mtu aliyetoka safari.

"Nyaya zimelegea," alisema. "Ngozi nayo imelegea. Haijakazwa siku nyingi."

"Kwa hiyo, Fundi," Bwana Redio alijaribu kwa sauti ndogo, "zinarudi au zinabaki? Maana nyumba, kwa kusema haki, bado haijanyamaza."

"Zinabaki. Na kile kioo chako cha mbele ya duka, nakuja kupima Jumatatu."

"Kikubwa kile? Kipande kimoja? Peke yako?"

"Nani amesema peke yangu?" Fundi akamgeukia mkewe. "Mama Vidole. Mpigie mwanao. Mwambie aje na nguo za kazi."

Mama akachukua simu, akapiga. Kijana akapokea kabla haijaita sawasawa.

"Mama? Vipi, umekipata kile kishikizo? Umeinyamazisha?"

Mama akamtazama mumewe, aliyekuwa ameinua ule mkono mgumu na kumwashiria Bwana Redio aongeze sauti kidogo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Baba yako amekataa."